Mwalimu Theophil na Wimbo Usio na Maneno

Katika wanunuzi wote waliohangaika Yide Lu, mtaa wa maduka ya jumla kusini mwa China, mwaka ule wa 1998, ni mmoja tu aliyekwenda kununua midoli akiwa amevaa tai. Huyo alikuwa Theophil Rwegoshora, mtu wa Bukoba, miaka arobaini na sita, mrefu, mkavu, mwenye kikohozi kifupi ambacho hakikuwa cha ugonjwa bali cha cheo. Kule kwao alikuwa mwalimu wa kwaya ya parokia kwa miaka kumi na minane. Mtu akishazoea kuinua mkono na watu arobaini wakanyamaza papo hapo, hawezi tena kukohoa kama watu wengine.

Biashara ilimkuta ukubwani. Shemeji yake alifungua duka la vifaa vya shule na vitu vya kuchezea watoto, akahitaji mtu mwaminifu wa kukaa China kukusanya mzigo, na katika ukoo mzima hakuonekana mwaminifu kumzidi Theophil. Akaja kwa miezi mitatu. Sasa ulikuwa mwaka wa pili. Asubuhi alizunguka madukani kuchagua penseli, mipira, ngoma za plastiki na marimba ndogo za rangi. Mchana alifunga maboksi. Mzigo ukitosha ulipelekwa bandari ya Huangpu kupakiwa kwenye kontena. Wauzaji walimwita pengyou, rafiki, kama walivyomwita kila mgeni mwenye mkoba.

Jumapili, hata hivyo, alikuwa Mwalimu. Wakristo wachache, Watanzania kwa Wakongomani, walikuwa wakikutana nyumbani kwa Brigitte, mama wa Lubumbashi aliyekuwa akinunua nguo za jumla na kukaa ghorofa ya saba. Walisali, kisha wakala, na katikati ya sala na chakula Theophil alikabidhiwa watoto. Walikuwa sita. Mkubwa wao Laurette, binti wa Brigitte, miaka kumi. Mdogo wao Joyness, miaka mitano, ambaye pamoja na kaka yake Cyrus walikuwa watoto wa Dainess, mama wa Mwanza aliyenunua redio na pasi za umeme. Watatu waliobaki tuwaache walipo, kwa sababu muda mwingi walikuwa wamejificha nyuma ya kochi.

Theophil aliwapenda watoto hao kuliko alivyojua kusema. Wa kwake wanne walikuwa wakikulia kwenye simu: kila mwezi sauti nzito kidogo, salamu fupi kidogo. Hawa sita ndio pekee katika jiji lote waliomwamkia "Shikamoo, Mwalimu". Bila wao angebaki mnunuzi wa penseli basi, na alilijua hilo, na lilimtia hofu.

Tatizo ni kwamba mapenzi yake yote aliyapitisha kwenye rula.

"Maneno kwanza!" alikuwa akisema, rula inagonga meza mara tatu. "Asiyejua anachosema asiimbe. Ubeti wa kwanza. Rudia!"

Wakarudia. Wiki ya kwanza ubeti wa kwanza, wiki ya pili wa pili, pumzi hapa, koma pale. Kufikia wiki ya tano walikuwa hawajaimba hata noti moja, na magonjwa yakaanza kuingia darasani. Cyrus aliumwa jino. Laurette aliumwa tumbo. Wale wa nyuma ya kochi waliumwa wote kwa pamoja.

Brigitte akamvuta Theophil jikoni.

"Papa Théo, batoto banakimbia," alisema huku akikoroga sufuria. "Laurette anasema tumbo. Mimi ndiye mama yake, ile tumbo naijua, haina kitu. Wiki tano maneno tu! Banaimba lini?"

"Mama Laurette, wimbo ndiyo maneno. Sauti ni nguo tu, maneno yanaivaa."

"Basi wiki tano batoto wako beko uchi," Brigitte akasema. "Écoute. Nakupatia dimanche mbili, Jumapili mbili tu. Bakiendelea kukimbia, nitabapatia Patrice na guitare yake."

Patrice alikuwa kijana wa Kolwezi aliyenunua jinzi Xintang. Gitaa lake lilikuwa na nyuzi nne badala ya sita, naye hakuwahi kuliona hilo kuwa kasoro. Theophil akatoka jikoni akiinyoosha tai yake. Kupokonywa watoto ni jambo moja. Kupokonywa na mtu wa nyuzi nne ni jambo jingine.

Jumanne ikamkuta Yide Lu, dukani kwa Mama A-Ling, akifunga maboksi ya marimba. Zilikuwa marimba nzuri, vibao vinane vya chuma kila kimoja na rangi yake, na juu ya kila kibao imechapwa namba, moja mpaka nane. Theophil alikwisha kumwandikia shemeji yake barua kwamba hizi ni marimba za kufundishia hesabu, aziuze kwa walimu wa chekechea. Zilikuwa zinakwenda vizuri. Huko Bukoba watoto walikuwa wakigonga moja, wakisema "moja", wakigonga mbili, wakisema "mbili", na kila mtu ameridhika.

Alikuwa na sheria yake: boksi halitoki dukani bila karatasi ya vilivyomo kubandikwa juu. Siku ile Mama A-Ling alikuwa na wateja wengi, na Theophil akaona kwenye kaunta karatasi yenye mistari ya namba: 1 2 3 3, chini yake 1 2 3 4 4, na kuendelea. Akadhani ndiyo orodha ya mzigo wake; namba ni namba. Akaichukua, akaibandika kwenye boksi la saba, na kwa kuogopa mvua akaizungushia selotepu pande zote mpaka ikang'aa. Mkokoteni ukaja ukachukua mzigo kuupeleka ghalani kwa wakala.

Mchana A-Ling akarudi kutoka shule kula. Alikuwa binti wa miaka minane, mwenye mikia miwili ya nywele na mkoba mkubwa kuliko mgongo wake. Akaangalia kaunta, akaangalia chini ya kaunta, kisha akaachia kilio ambacho muuza kamba wakavu wa jirani alitoka nje kukitazama.

Mama yake akaonyesha kaunta tupu, akafanya ishara ya kuandika, akamwonyesha mtoto, halafu kidole kikasimama kifuani kwa Theophil. Kwa jambo hilo hakikuhitajika Kichina. Alikuwa amesafirisha kazi ya shule ya mtoto wa watu!

Kwa mara ya kwanza tangu afike China, Mwalimu Theophil alikimbia. Alipita kwenye uyoga mkavu, akapita kwenye samaki wakavu, akaomba radhi kwa Kiswahili kwa kila aliyemkumba, tai imerukia begani, A-Ling nyuma yake bado analia lakini sasa kwa mapumziko, kwa kuwa kulia na kukimbia haviendi pamoja. Ghalani walikuta maboksi arobaini yamepangwa. Wakalipata la saba. Selotepu ikakataa katakata kubanduka.

A-Ling akapangusa pua. Akakaa chini mbele ya boksi, akatoa daftari, akaanza kunakili. Na huku akinakili, akawa anaimba kidogokidogo, kwa sauti ya kujikumbusha.

"Do, re, mi, mi..."

Theophil alikuwa akijipepea kwa kofia. Mkono ukasimama hewani.

"Do, re, mi, fa, fa..."

Akaangalia karatasi. 1 2 3 4 4. Akamwangalia mtoto. Maisha yake yote alikuwa ameandika nyimbo kwa herufi, d kwa do, r kwa re, kama alivyofundishwa seminarini, na hakuwahi kuwaza kwamba kuna mahali duniani watu wanaziandika kwa namba. Halafu akakumbuka kilichomo ndani ya boksi, akawakumbuka walimu wa chekechea wa Bukoba, mamia ya watoto wanaogonga do na kusema "moja". Masikio yakamwaka moto.

Akatoa kisu cha mfukoni, akakata boksi alilolifunga mwenyewe, akatoa marimba, akagonga alichoandika A-Ling. Mtoto akasahau kulia. Akampokonya kigongo na kumwonyesha kwamba hivyo sivyo. Akagonga noti nne polepole, akasimama, akashika kiuno na kuinama, akafanya kama mtu mwenye kikapu kizito mgongoni. Noti tano, akasimama, akahema. Noti sita, akajifuta jasho. Ngazi! Mtu anapanda ngazi. Bibi, kwa jinsi alivyoinama. Namba zikapanda mpaka nane, juu kabisa, kisha kigongo kikashuka vibao vyote kwa mpigo mmoja, nane mpaka moja, trrrr! A-Ling akajitupa sakafuni miguu mbele, na kwa kidole akafuatilia chungwa moja linalobingirika kutoka kwenye kikapu kisichokuwepo.

Theophil akacheka mpaka wapagazi wakaacha kazi. Hapakuwa na neno hata moja, na hadithi ilikuwa imesimuliwa yote, na bibi, na kikapu, na machungwa. Moyo wake ulifurahi, kisha ukaona aibu, kwa sababu jambo hili alikuwa akilikataa kwa miaka kumi na minane.

Jumapili ya kwanza alifika kwa Brigitte na mfuko wa marimba, filimbi na ngoma za plastiki, na A-Ling pia, aliyeruhusiwa na mama yake baada ya mazungumzo marefu ya mikono. Laurette alikijua Kichina cha kwenye lifti na uani, wakaelewana mara moja.

"Leo," Theophil akatangaza, "hakuna maneno."

Wale wa nyuma ya kochi wakachungulia. Akapiga wimbo wa bibi na ngazi, kwa ustadi, akauliza: "Haya. Mmesikia nini?"

"Mbuzi!" akasema Cyrus. "Anapandishwa kwenye lori, hataki, anasukumwa, halafu anaruka."

"Hapana."

"Lifti yetu," akasema Laurette. "Inapanda, inakwama, inapanda, inakwama, halafu..."

"Hapana. Sikilizeni vizuri."

"Baba anaweka vyombo juu ya kabati," akasema Joyness kwa sauti ndogo.

"Hapana! Ni bibi. Bibi anapanda ngazi na machungwa. Rudia, nani? Bibi!"

"Bibi," wakasema watoto, na nuru ikawatoka usoni. Joyness akarudisha kigongo mezani taratibu, kama mtu aliyeshika kitu cha wenyewe. Theophil akaiona ile nuru ikizimika na asijue kaizima vipi. Alikuwa ameleta filimbi! Alikuwa ameacha maneno! Akaenda jikoni kunywa chai na uchungu wake, akawaachia midoli, na kutoka huko akawasikia wakicheka, wakipiga, wakikatazana, wakianza upya. Alipofungua mlango wakanyamaza kimya. Wiki nzima hiyo alilala vibaya. Ilibaki Jumapili moja.

Ilipofika, Patrice alikuwa amekwisha kukaa karibu na mlango, gitaa magotini. Dainess alikuwepo, Brigitte alikuwepo na mwiko mkononi, na watoto wote sita walikuwepo pia, na A-Ling wa saba. Hakuna jino, hakuna tumbo. Theophil akashangaa hilo kuliko yote.

"Mwalimu," Laurette akasema, "leo sisi ndio tutapiga. Wewe utasema ni hadithi ya nini."

Wakampa kiti. A-Ling akaweka mbele yao karatasi ya namba alizoandika kwa mwandiko wa shule. Cyrus akaanza na ngoma: dum, dum, dum, dum, nzito, za mpangilio, za mtu mwenye viatu vikubwa. Kisha A-Ling akapuliza filimbi mara mbili, kavu, fupi. Laurette akagonga meza mara tatu. Na hapo Joyness, ulimi nje kwa kujitahidi, akaanza kupiga marimba noti ndogondogo za kupanda.

"Treni," Theophil akasema.

"Hapana!" wakasema wote, wakafurahi.

"Basi mashine ya kusaga. Nasikia injini, nasikia..."

"Hapana!"

Watu wazima walikuwa wakimtazama. Theophil akajiweka sawa kwenye kiti ili afikiri kwa heshima, akakohoa mara mbili, kavu, fupi.

A-Ling akapuliza filimbi mara mbili.

Kisha Dainess akaficha uso kwenye khanga, mabega yakamtetemeka, Patrice akaangua kicheko, na Brigitte akageukia ukuta na mwiko wake. Viatu vikubwa. Kikohozi. Meza mara tatu. Alikuwa ameketi mbele ya picha yake mwenyewe, na ilifanana.

"Endeleeni," alisema.

Wakaendelea. Joyness akapiga noti tano za kupanda, nyepesi, za kuruka. Meza ikagongwa mara tatu, akarudi mwanzo. Akapiga nne, meza, akarudi mwanzo. Akapiga tatu, meza. Mbili, meza. Akapiga moja, na kabla haijagongwa meza akaacha mwenyewe. Ngoma ikazunguka, dum, dum, ikitafuta, filimbi ikakohoa, lakini ile sauti ndogo haikutoka tena.

Hakuna aliyecheka. Miaka kumi na minane, wanakwaya wangapi walikuwa wamepiga noti moja wakaacha wenyewe kabla hajagonga? Hakuna aliyewahi kumwambia. Kwa maneno nani angethubutu? Na sasa alikuwa ameambiwa na mtoto wa miaka mitano kwa kibao cha chuma, na hakubakiziwa nafasi hata ya kubisha.

"Na mwisho wake?" akauliza. Sauti yake haikuwa ya kwaya.

Watoto wakaangaliana. "Mwisho hatuna," Laurette akasema. "Bamoja balitaka ule muntu bamufukuze. Joyness alikatala."

"Ulikataa kwa nini, Joyness?"

Joyness akachezea kigongo. "Hajui tu," akasema. "Huyo mtu. Hajui."

Theophil akainuka. Patrice, kwa kudhani mambo yamekwisha, akaanza kukaza uzi mmoja wa gitaa. Brigitte akamwangalia, naye akaacha.

Mwalimu hakwenda mlangoni. Alikaa chini sakafuni mbele ya Joyness, magoti yakamlia wote wakasikia, akavuta marimba mbele yake na kunyoosha kiganja kuomba kigongo. Akapewa. Rula ambayo Laurette alikuwa akigongea meza akaichukua, akaiweka mikononi mwa Joyness. Akagonga noti tano za kupanda.

Joyness akatazama rula, akamtazama yeye. Kisha akagonga meza mara tatu, kwa nguvu zote za miaka mitano.

Theophil akarudi mwanzo. Nne. Meza ikagongwa mara tatu. Akarudi mwanzo. Cyrus akamuunga mkono kwa ngoma, A-Ling akakohoa kwa filimbi kila alipokosea, na wale wa nyuma ya kochi wakatoka wote kuja kuona mtu mzima anavyorudishwa. Mara akapiga harakaharaka ili amtoroke mwalimu wake, akakamatwa. Mara akapiga kwa kunyata, kimyakimya, kama mwizi wa sukari. Akakamatwa, watoto wakagaagaa kwa kicheko. Mara ya tisa alifika noti ya tano na rula bado iko juu, haijashuka. Joyness alikuwa akifikiri. Theophil akasubiri, na ni kweli kabisa kwamba aliogopa. Joyness akagonga.

"Papa Théo!" Brigitte akaita kutoka jikoni, ambako ugali ulikuwa tayari na yeye alikuwa amekwenda kujifuta macho na kudai ni kitunguu. "Bukari inapola! Mutamalizia dimanche ingine!"

Watoto wakashangilia. Patrice akaweka gitaa chini akaenda kunawa mikono.

"Tangulieni, Mama Laurette," Theophil akasema kutoka sakafuni, kigongo tayari mkononi. "Mimi bado sijaruhusiwa."